Majina Yaliyochongwa Katika Jiwe

Mwezi huu tuende mbali, mpaka kusini mwa inchi ya India, katika muji wa Thanjavur. Kule kuko hekalu kubwa la Wahindu linaloitwa Brihadisvara. Lilimalizika mwaka wa 1010. Hesabuni wenyewe: imepita miaka zaidi ya 1000, na hata leo makuhani wanaingia mule kumuabudu mungu wao Shiva.

Aliyelijenga ni mufalme Rajaraja wa kwanza, wa ukoo wa Wachola. Munara wake unapanda karibu mita 60, na ni wa mawe ya graniti. Ninyi watu wa mina munajua jiwe kama lile, namna linavyomaliza chuma. Tena Thanjavur iko katika bonde la mashamba ya mupunga, graniti haiko pale. Mawe yalikatwa mbali, yakaletwa, yakapandishwa pasipo mashini hata moja.

Lakini mimi ninapenda zaidi kuta za chini. Mufalme aliamuru zawadi zote zichongwe pale: zake, za dada yake Kundavai, na za watu wengine. Na siyo wakubwa tu. Kuko wanawake 400 wachezaji, waliotoka katika mahekalu ya mahali pengi, kila mumoja na jina lake, nyumba yake na mposho yake ya mupunga kwa mwaka. Kuko wapiga ngoma, washonaji, vinyozi, wafuaji wa nguo, waandishi wa hesabu. Ili taa moja iwake siku zote, wachungaji walipewa kondoo 96, nao wakaleta mafuta ya siagi kila siku. Ukuta haufichi neno: umeandika vilevile mali iliyonyanganywa kwa wafalme wa Chera na Pandya, walioshindwa katika vita.

Sasa sikieni. Wachola waliisha katika karne ya 13. Wengine wakatawala muji: Wanayaka, Wamaratha, kisha Waingereza. Ibada iliendelea, lakini jina la mujengaji likapotea. Watu wakasema ni mufalme mwingine wa hadisi za zamani. Karibu mwaka wa 1886, Mujerumani mumoja mwenye elimu, Eugen Hultzsch, alisoma yale maandiko ya kuta. Kumbe ni Rajaraja! Jiwe lilikuwa limetunza yale watu waliyosahau.

Hekalu limeona mateso pia. Katika sherehe ya kulitakasa mwaka wa 1997, kibanda cha majani kilishika moto, watu zaidi ya 40 wakafa. Sherehe ilirudi mwaka wa 2020. Mbele yake watu walifika mpaka mahakamani: maombi yasomwe kwa Kisanskriti, ao kwa Kitamil, luga ya wenyeji? Waamuzi wakakubali zote mbili.

Baba na mama, je, watoto wenu wanajua jina la babu aliyekuja wa kwanza kazini, na kijiji alichotoka? Wazee wanaojua wanapunguka. Jioni hii mupatie mutoto daftari na kalamu, mukae naye, aandike. Asisahau jina la bibi.