Wimbo wa Dunia Iliyoteketea

Wakati wa mazoezi ya kufundisha hapa Olmotonyi, mwanachuo mmoja alimkemea mtoto wa darasa la sita kwa kuimba wimbo alioutunga mwenyewe. Wimbo ulitokana na mchezo aliouona katika simu ya kaka yake: dunia imeteketea, mtu mmoja anatafuta maji. “Upuuzi,” akasema mwanachuo, akaendelea na somo la ushairi!

Sikubaliani naye. Gavin Dunne, mwanamuziki wa Ireland, ametunga nyimbo nyingi kutokana na michezo aipendayo, ukiwamo Fallout: New Vegas wa mwaka 2010, ambao nchi yake ni jangwa lililobaki baada ya vita vya nyuklia. Mchezaji amegeuka mtunzi.

Mtoto wetu naye amegeuka. Kila kipande chake kilikuwa na mizani nane, na vina vya kati vililingana. Wanachuo wangu wangapi huweza hayo? Tena anaishi chini ya Meru, ambako maji ya mifereji hugombewa kiangazi. Ndugu mwanachuo, mpe chaki aandike ubeti mmoja ubaoni, wenzake wahesabu mizani. Kisha waulize: mtu yule atayapata wapi maji?