Nairobi hadi London: Kilomita ni zile zile, mbona saa zinaongezeka?

Hebu toa simu yako utafute umbali kati ya Nairobi na London. Utapata takriban kilomita 6,800. Ndege kubwa ya abiria huenda kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya, unapata saa saba na nusu hivi. Lakini tikiti inakuambia karibu saa tisa. Hizo zingine zimeenda wapi?

Kiasi huliwa na kupaa, kutua na upepo. Kingine kinaliwa na siasa.

Chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake. Mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi London unapita juu ya Sudan Kusini, Sudan na Libya. Libya mashirika mengi yameikwepa kwa miaka kwa sababu za usalama. Halafu Aprili 15, 2023, jeshi la Sudan na wapiganaji wa RSF wakaanza kupigana Khartoum, na anga ikafungwa. Tangu hapo ndege nyingi za Ulaya huzunguka, kwa mfano kupitia Ethiopia, Bahari ya Shamu na Misri.

Haya hayatukuti sisi pekee. Safari ya Helsinki hadi Tokyo ilikuwa ya saa tisa na nusu hivi. Urusi ilipofungia mashirika ya Ulaya anga yake mwaka wa 2022, ikafika karibu saa 13. Hakuna jiji lililohama.

Sasa nani analipa? Ndege aina ya Boeing 787 huchoma takriban tani tano za mafuta kwa saa. Hata nusu saa ya kuzunguka si mchezo, na mafuta ni miongoni mwa gharama kubwa zaidi za shirika lolote la ndege. Bili hiyo haipotei hewani. Mwanafunzi anayeenda kusoma Uingereza, au muuguzi anayesafiri chini ya makubaliano ya Kenya na Uingereza ya 2021, ndiye anayebaki kuhesabu shilingi.

Bila shaka wanaoumia zaidi ni Wasudan wenyewe, mamilioni waliofurushwa makwao. Lakini tusijidanganye kwamba hii ni vita ya majirani. Februari 2025 RSF na washirika wake walitia saini hapa Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao. Mwezi uliofuata Sudan ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, yakiwemo majani chai.

Kwa hivyo wanasiasa wetu wakituambia mambo ya Sudan ni diplomasia ya wakubwa, tuwaulize maswali. Mkulima wa chai Kericho yumo ndani, na wewe unayetafuta tikiti ya London pia umo.