Sima ya pozolana si sima ya uongo, tena inapunguza hewa chafu

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, tangu Bunia mpaka Uvira, kuko wanunuzi wanaokataa mfuko wa sima wakisikia kwamba umechanganywa na mawe ya volkano. Wanasema kiwanda kimeiba nguvu ya sima ili kipate faida. Lakini mchanganyiko ule njo moja ya njia kubwa za kupunguza hewa chafu inayotoka kwenye viwanda vya saruji. Na kwa mwenye kujenga, nyumba inaharibika zaidi juu ya haraka kuliko juu ya mchanganyiko.

Viwanda vya sima vya dunia nzima vinatoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya gesi ya kaboni inayotokana na kazi za watu. Inapita ile ya ndege zote. Wengi wanafikiri gesi hiyo inatoka kwenye makaa yanayowashwa ndani ya tanuri. Sivyo kabisa. Karibu asilimia 60 inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Jiwe la chokaa na udongo vinachomwa mpaka digri 1 450. Chokaa ikipata moto inaachilia gesi iliyokuwa imefungwa ndani yake, na kinachobaki ni vidonge vigumu vinavyoitwa klinka. Tani moja ya klinka inaachilia kwa njia hiyo zaidi ya kilo 500 za gesi, hata kama tanuri lingewashwa kwa umeme wa maji.

Njo maana kubadilisha makaa peke yake hakutoshi. Inaomba klinka yenyewe ipunguzwe ndani ya mfuko.

Kitu cha kwanza kinachoshika nafasi yake ni pozolana, yaani majivu na mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa. Warumi wa zamani walijenga nayo mpaka bandari. Cha pili ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa digri 800 hivi. Watafiti wa Uswisi, Kuba na Uhindi walitengeneza sima inayoitwa LC3: nusu yake ni klinka, asilimia 30 udongo huo, 15 chokaa isiyochomwa, na 5 jasi. Inaweza kupunguza gesi kwa asilimia 40. Ghana tayari iko na kiwanda kinachochoma udongo kwa kazi hiyo, mjini Tema.

Kwa majimbo ya mashariki, habari hii haiko mbali. Hima na Tororo za Uganda, pia Cimerwa ya Bugarama, ng'ambo ya Kamanyola, zinatumia pozolana katika sima yao. Wengi wamekwisha kujenga nayo bila kujua.

Mfuko wenyewe unasema ukweli. CEM I ni karibu klinka tupu. CEM II na CEM IV zimechanganywa. Namba 32,5 au 42,5 inaonyesha nguvu ya sima kisha siku 28. Kwa ukuta na lipu, 32,5 inatosha. Kwa nguzo na dala ya orofa, fundi afuate namba ambayo plani inaomba.

Ile ya pozolana inakauka polepole siku za kwanza, lakini inaendelea kupata nguvu kwa muda mrefu, na inavumilia maji vizuri. Inaomba kumwagiliwa maji siku nyingi, angalau wiki moja, na mbao zisitolewe mbio. Masoni anayetoa mbao siku ya tatu atasema sima ni mbaya, kumbe hakuipa muda wake.

Hatari nyingine ni mtu kusaga mawe ya Nyiragongo na kuyachanganya mwenyewe nyumbani. Si kila jiwe la volkano linafaa. Lazima lipimwe kwenye maabara, lisagwe laini sana, na kipimo chake kijulikane.

Hapo serikali iko na kazi. OCC inapaswa kupima mifuko inayoingia mipakani na kuwatangazia wakaaji matokeo. Udongo na mawe ya Kivu pia vichunguzwe: vikifaa, kinu cha kusagia karibu kingepunguza gesi, na vilevile safari ndefu ya malori ambayo kila mnunuzi anailipa ndani ya bei ya mfuko.