Gari Lililoegeshwa Nalo Huumiza

Kila tunapozungumza kuhusu vijana wa mijini na magari yao ya Subaru, hoja huwa ni mwendo wa kasi. Ni nadra mtu kutaja yule anayeumia gari likiwa limeegeshwa uani, yeye akiwa amelala chini yake na spana mkononi.

Sibezi kazi hiyo. Impreza WRX, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1992, hufika humu nchini ikiwa mtumba, na fundi stadi wa injini ya tabochaja si rahisi kumpata wala kumlipa. Kijana anayenunua vipuri Kirinyaga Road akavifunga mwenyewe anajifunza ufundi wa haja. Linalonikera ni kwamba anajua yote kuhusu nguvu za injini, lakini kuhusu mwili wake hajui lolote.

Jeki inayouzwa pamoja na gari ni ya kubadilishia gurudumu tu. Haikuundwa kumlinda mtu aliye chini ya chuma kinachozidi tani moja. Mawe ya kujengea nayo hupasuka bila kutoa onyo. Tumia stendi za chuma, mahali palipo sawa, na uingize gurudumu la akiba chini ya gari kabla ya kichwa chako.

Halafu kuna moto. Tabochaja huendeshwa na moshi wa injini, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hubaki na joto kali hata baada ya injini kuzimwa. Maji ya rejeta nayo, kwa kuwa yamebanwa, hupita nyuzi 100 kabla ya kuchemka; ukifungua kifuniko mapema yatakurukia usoni. Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji safi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno na siagi, ambazo bado zinapendwa sana mitaani, hufungia joto ndani na kuchafua kidonda.

Lakini jambo ambalo singependa kulivumilia hata kidogo ni kukata kile kisanduku cha kusafisha moshi ili gari lipumue na kunguruma. Kazi yake moja ni kuigeuza kaboni monoksidi kabla haijatoka nje. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kwa hiyo mgonjwa hudhani ni malaria au njaa. Ndani ya gereji iliyofungwa inaweza kuua, hata kama kisanduku kipo. Kikiondolewa, kila asubuhi injini inapowashwa na kuachwa ipate joto, majirani wa ghorofa ya kwanza wanavuta uchafu ambao hawakuuomba, watoto wao pia.

Zamani mafundi walikuwa na kisingizio: petroli yenye risasi iliviharibu visanduku hivyo. Kufikia mwaka wa 2006 risasi ilikuwa imeondolewa katika petroli yetu, na kisingizio kikaondoka nayo.

Mengine ni mepesi kurekebisha. Usinyonye petroli kwa mdomo; ikiingia mapafuni huleta nimonia mbaya, na aliyeimeza asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitali. Usioshe mikono kwa petroli, maana ina benzini, inayosababisha saratani ya damu. Oili chafu ikilowesha ngozi miaka nenda miaka rudi nayo huweza kuleta saratani. Glavu na sabuni hazigharimu hata kiasi cha plagi moja.

Na fundi akikushauri uking'oe kile kisanduku, muulize kitakwenda wapi baadaye. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake hawakosekani.