Samaki wanaondoka, mtoto anabaki na mchuzi

Majuzi nilikwenda Msimbati. Kwa wasiopajua, ni pwani ya Mtwara Vijijini, karibu na pale Mto Ruvuma unapoingia baharini. Nilitumwa kufuata habari ya gesi, maana sisi waandishi tukisikia Msimbati akili inakimbilia kwenye visima vya Mnazi Bay. Habari ya gesi niliandika na ikatoka. Hii ya leo haikupata nafasi gazetini lakini imenikaa kichwani, ndiyo maana naiweka hapa.

Asubuhi mashua zilikuwa zinarudi. Wachuuzi wa pikipiki wameshajipanga ufukweni na makasha yao ya barafu. Samaki walioshuka walikuwa wa kutamanisha: changu, tasi, vibua, na pweza wawili watatu. Hatua chache kutoka pale, chini ya mnazi, amekaa binti wa mmoja wa wavuvi, umri wake kama miaka minne hivi. Mkono mmoja kikombe cha chai ya rangi, mkono mwingine kipande cha muhogo wa kuchemsha. Hicho ndicho kifungua kinywa chake. Baba yake akauza samaki wote, akabakiza vichwa viwili vya mchuzi.

Nikamuuliza kwa utani kama binti hapati hata kibua mmoja. Akacheka, akaniita mdogo wake, akanieleza kwamba samaki ndiye unga, ndiye sabuni, ndiye daftari la kaka yake binti. Sikuwa na jibu. Mimi nina mshahara, hata kama ni wa kuungaunga. Nani nimhukumu mtu anayekwenda baharini usiku?

Lakini njiani kurudi mjini nikawa najiuliza. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na mwaka 2015 likazinduliwa bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Korosho zinapanda meli. Samaki wanapanda pikipiki. Kila kizuri cha Msimbati kina usafiri wake. Na yule binti anabaki na nini?

Tusije tukadhani ni tatizo la Msimbati peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka 2015/16 walikuwa 34, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa karibu nusu. Tumepiga hatua, sikatai. Ila bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Na udumavu si kimo tu. Mwili uliokosa chakula cha maana, hasa katika siku 1,000 za kwanza tangu mimba inapotungwa, huathirika mpaka kwenye ubongo. Halafu tunamsubiri darasa la kwanza tumwite mzito wa kuelewa.

Sasa turudi kwenye kile kikombe na kile kipande cha muhogo.

Chai ya rangi haina kosa kwa mtu mzima anayeamka na usingizi. Kwa mtoto ni habari nyingine. Inajaza tumbo dogo bila kuleta chochote cha maana zaidi ya sukari, na ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Zaidi ya nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Tunalia watoto hawana damu huku tunawamiminia chai kila mlo!

Muhogo nao tusiutukane. Umewalisha babu zetu, na mvua ikikataa ndio unaobaki umesimama shambani. Ila muhogo peke yake ni nguvu tu, protini yake ni kiduchu. Na ule mchungu una sumu ya sayanidi ambayo mwili unahitaji protini ili kuiondoa. Katika miaka ya 2002 na 2003 mkoa huu wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, unaowapata zaidi watoto na kina mama. Unatokea pale watu wanapokula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa sawasawa, wiki baada ya wiki, bila kitoweo cha kutosha. Yaani muhogo bila samaki, bila mbaazi, bila kunde.

Kuna njia rahisi iliyobuniwa na wataalamu na kufundishwa huku kusini. Unga wa muhogo unaloweshwa kwa maji, unatandazwa kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu inapaa, kisha unasongwa ugali siku hiyohiyo. Haihitaji mashine wala mkopo wa benki. Je, ni kina mama wangapi wa leo wanaijua? Hilo ndilo swali ambalo sisi wa magazeti tulipaswa kuliuliza, badala ya kusubiri waziri aje kuzindua kitu.

Mtu ataniambia, kijana, unaongea kisomi, hela ya lishe bora itoke wapi? Hapo ndipo nabisha. Sijasema mayai ya dukani na maziwa ya pakiti. Nasema vitu ambavyo nimeviona kwa macho yangu pale pale. Mbaazi na kunde zinalimwa. Kisamvu kipo kila uwanja, kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kitiwe nazi ambayo imeanguka nyuma ya nyumba. Dagaa hawana bei ya changu, na mtoto akiwatafuna na mifupa yao anapata chokaa ya mifupa yake. Korosho zilizovunjika ambazo mnada hauzitaki zisagwe ziingie kwenye uji. Na mabibo! Msimu wa korosho mabibo yanaoza chini ya miti au yanageuzwa gongo, wakati bibo lina vitamini C kuliko chungwa, na hiyo vitamini ndiyo inayousaidia mwili kupokea madini ya chuma kutoka kwenye kunde na mboga.

Chumvi pia. Mwambao wetu wa Mtwara na Lindi una mashamba ya chumvi, na chumvi nyingi inayopimwa kwa kopo mitaani haijatiwa madini joto. Mtoto akikosa madini joto ubongo wake unapata hasara. Tofauti ya bei kati ya chumvi ya kopo na ya pakiti iliyotiwa madini hayo ni ndogo sana ukilinganisha na hasara hiyo.

Halafu kuna desturi zetu, na hapa wazee wangu mnisamehe. Nimekulia kwenye sinia moja, watoto sita, wa kwanza kumeza ndiye mwenye shibe. Minofu ilikuwa ya baba, sisi mchuzi na mkia. Yai nilikatazwa, nikaambiwa nitakuwa mwizi. Nimekuwa mwandishi wa habari, wengine watasema ni yale yale. Lakini hebu fikiria, mtoto wa miaka mitatu atashindana vipi na kaka wa miaka kumi kwenye sinia moja? Mpe sahani yake. Ukiona chake, utajua amekula kiasi gani. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo milo mitatu na kitu kidogo katikati, embe, ndizi, au kiganja cha karanga zilizosagwa kwenye uji, ni bora kuliko mlima mmoja wa ugali jioni.

Na tuache kumhonga. "Maliza mboga nikupe pipi" inamfundisha kwamba mboga ni adhabu na pipi ni zawadi. Vilevile tusimkabe kwa fimbo. Mtoto akikataa kisamvu leo, mwekee kidogo tena keshokutwa, na tena wiki ijayo, huku akikuona na wewe unakila kwa furaha. Mwingine anahitaji kuonja hata mara kumi ndipo akubali. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tunaimba methali hii kwenye kila kitu isipokuwa kwenye sahani.

Nikiishia kwa wazazi nitakuwa mnafiki. Tangu mwaka 2017 mikoa imesaini mikataba ya lishe, na halmashauri zikaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka kwenye mapato yao ya ndani. Shilingi elfu moja, kwa mwaka mzima. Ni soda moja! Halmashauri ambayo ardhi yake inatoa gesi na inapata ushuru wa huduma haina kisingizio cha kushindwa soda moja. Iitoe yote, iitoe kwa wakati, na ibandike kwenye mbao za matangazo za vijiji imetumikaje. Sehemu yake ikanunue mbegu za kunde na kuwalipia nauli wanaokwenda kufundisha kulowesha unga.

Na darasa la awali je? Ada ilifutwa, lakini chakula ni jukumu la wazazi. Kijiji kinachoweza kuchangia harusi kinaweza kuchangia uji wa saa nne, kila kaya sado moja ya unga na kopo la kunde wakati wa mavuno. Mtoto mwenye njaa hajui a e i o u. Anajua saa ya kurudi nyumbani tu.

Kwa baba wa yule binti, sina hotuba. Nina ombi moja tu. Kaka, katika samaki wa asubuhi, kabla mchuuzi hajafungua kasha lake, mtoe kibua mmoja umweke pembeni. Huyo asiuzwe. Huyo ni wa binti.

Nawasilisha. Wenye kubisha nabisheni, ila kwanza jioni ya leo muangalie mtoto wa nyumbani kwenu amekula nini.