Mwalimu Mgeni na Kibao cha Shingoni



Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye seminari ndogo aliacha njia ya upadre baada ya kidato cha sita, akasomea ualimu. Tangu Septemba mwaka jana anafundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi huko Rwanda. Juzi alituandikia ujumbe mrefu. Tuliusoma jioni bwenini, watu wanne kwenye simu moja, na tangu siku hiyo tunabishana. Tumeona tuwashirikishe wasomaji, kwa sababu swali alilouliza linatuhusu na sisi.

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Walimu wengi wa huko walikuwa wamesoma kwa Kifaransa, hivyo walimu kutoka nchi jirani wakapata nafasi. Ndivyo na ndugu yetu alivyofika: ana cheti, ana begi moja, na Kinyarwanda hajui hata salamu.

Alianza kwa njia aliyoijua. Alichonga kibao kidogo, akakitia kamba, akatangaza kwamba atakayeongea Kinyarwanda atakivaa shingoni mpaka amkamate mwingine. Wiki ya kwanza darasa lilitulia, akafurahi. Wiki ya tatu aligundua kwamba hakuna anayeongea Kinyarwanda, na hakuna anayeongea Kiingereza pia. Siku moja mtoto mmoja alijikojolea kwenye dawati. Hakujua kuomba ruhusa kwa Kiingereza, na aliogopa kuiomba kwa lugha ya mama yake.

Jioni hiyo mwenzetu alikificha kibao kwenye begi. Kesho yake aliwaomba watoto wamfundishe kuomba ruhusa kwa Kinyarwanda. Walicheka matamshi yake mpaka wakashika mbavu. Akajifunza kwamba kitabu ni igitabo, maji ni amazi, na mwalimu ni umwarimu. Kila neno walilompa, naye aliwapa la Kiingereza. Sasa watoto wanaongea, tena wanaongea kwa makosa mengi. Lakini alama za mitihani hazijapanda sana, na mkuu wa shule anauliza kibao kimekwenda wapi. Ndugu yetu anatuuliza: “Mafrateri, nikirudishe?”

Jibu letu ni hapana.

Kwanza, sisi wenyewe tulikivaa. Tulikuwa na miaka 13 au 14, na kosa letu lilikuwa Kiswahili. Ukiwa nacho shingoni, unatembea uwanjani ukitega sikio ili umnase rafiki yako kabla kengele ya jioni haijalia. Tulijifunza kuviziana. Mwingine kati yetu alikuwa anamkanyaga mwenzake makusudi ili apige kelele kwa Kiswahili. Leo tunasoma maadili darasani, na tunaona aibu kukumbuka kwamba tuliitwa wanafunzi wenye nidhamu kwa ajili ya mambo hayo.

Wapo wanaosema, na mmoja wetu alilisema kwa nguvu, kwamba bila kibao tusingejua Kiingereza tunachosomea falsafa leo. Hoja hii ina ukweli ndani yake: lugha inataka kusikiwa na kusemwa kwa saa nyingi, na mtoto wa kijijini hana mahali pengine pa kuisikia isipokuwa darasani. Mwalimu aongee Kiingereza kwa wingi, asichoke. Lakini tukijikagua vizuri, lugha ilituingia kwa mlezi aliyetusomea hadithi baada ya chakula cha usiku, akasimama kila tulipokunja uso. Kibao kilitufundisha kunyamaza tu.

Pili, Mtakatifu Augustino aliyaona haya zamani. Katika Maungamo anasimulia kwamba Kilatini alikipata akiwa mdogo, katikati ya mabembelezo na vicheko vya waliomlea. Kigiriki alikichukia, kwa sababu alifundishwa kwa vitisho na adhabu. Anahitimisha kwamba hamu ya kujua ina nguvu kuliko woga katika kujifunza lugha.

Naye alikuwa mwalimu mgeni. Mwaka 383 aliondoka Karthago usiku kwa meli, akiwa amemdanganya mama yake Monika, akaenda kufundisha ufasaha Roma. Huko alikuta wanafunzi wanaomhama mwalimu ili wasimlipe ada. Mwaka uliofuata alihamia Milano, na yeye mwenyewe anakiri katika De Ordine kwamba Waitalia walimkosoa kwa matamshi yake ya Kiafrika. Kwa hiyo kijana wetu asione haya watoto wanapomcheka. Baadaye, katika De Magistro, Augustino alifundisha kwamba maneno ni ishara tu, na anayefundisha kwa kweli ni Kristo aliye ndani ya mwanafunzi. Kama ndivyo, mwalimu wa nje hana ruhusa ya kumfunga mdomo mtoto ambaye Mwalimu wa ndani anaongea naye.

Tatu, hili la ugeni. Tunaona ni dhuluma mgeni kupiga marufuku lugha ambayo yeye mwenyewe hajaijua. Afadhali aanze yeye kuwa mwanafunzi. Hata akijua maneno 50 tu, atajua mtoto anapoumwa na anapohitaji kutoka nje.

Ndugu waamini, vijana wengi wa parokia zetu wamehitimu ualimu na hawana ajira, na wengine wanafikiria kuvuka mpaka. Tusiwazuie. Kabla hawajaondoka, jumuiya iwaite, iwaombee, na iwaulize wanabeba nini kutoka kwenye shule zilizowalea. Nasi mafrateri, tutakaopewa shule na seminari ndogo kesho, tujiulize hilohilo.

Tulimjibu ndugu yetu usiku uleule: asikirudishe, hata kama mkataba wake hautaongezwa. Ni rahisi kwetu kuandika hivyo, maana sisi chakula cha kesho tunacho. Kwa sababu hiyo tumekubaliana kumchangia nauli, endapo itabidi arudi. Hadi leo bado anafundisha. Mkumbukeni katika sala zenu.