Makala, Almasi na Kwanga

Juma hili twapenda kunena juu ya kitu ambacho wataalamu hukiita kaboni. Wasomaji wetu wasidhani kwamba ni kitu cha maabara tu. Gunia la makala (wenzetu wa pwani husema makaa) linaloshushwa mtumbwini ukingoni mwa mto, karibu lote ni kaboni. Na ile almasi ndogo iliyomo katika mizani ya mnunuzi, hapa hapa Kisangani, ni kaboni vilevile. Mwaka 1772 Mfaransa Lavoisier aliunguza almasi kwa mwanga wa jua uliokusanywa na kioo kikubwa, nayo ikatoweka, ikawa hewa. Makala na almasi hutofautiana kwa namna chembe zake zilivyopangwa. Moyo mweusi wa penseli ni ndugu yao wa tatu.

Mwanafunzi anayetaka kuitafuta jikoni na aunguze kidogo kipande cha kwanga, au sukari katika kijiko, au unywele mmoja. Kila kimoja chageuka cheusi, na weusi ule ndio kaboni. Chumvi haigeuki, kwa maana haina. Samaki wa Wagenia, sombe, mawese, sabuni, shati la pamba, vyote vinayo. Hata mtu mwenye uzito wa kilo 60 huchukua mwilini mwake kilo 11 hivi.

Imetoka wapi? Wengi hujibu: udongoni. Sivyo. Majani huivuta katika hewa kwa nguvu ya jua, na kwa hiyo mti mkubwa umejengwa kwa hewa na maji kuliko kwa udongo. Huko Yangambi, kilomita 100 hivi tukishuka mto, pana mnara wa mita 55 uitwao Congoflux, uliosimamishwa mwaka 2020, ili kupima hewa hiyo iingiapo msituni na itokapo. Mti ukichomwa, kaboni yake hurudi hewani. Majivu ni yale madini machache ambayo moto haukuweza kuyachukua. Ndiyo hayo tupakwayo mwanzoni mwa Kwaresima.

Sasa tunawasihi wazazi wasikilize. Makala yakiwaka mahali penye hewa haba, hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushika damu mahali pa oksijeni, na aliyelala aweza kufa pasipo kukohoa hata mara moja. Watu wengine, mvua ikinyesha usiku, huingiza mbabula chumbani na kufunga mlango, wakidhani makala mekundu yasiyo na moshi hayana hatari. Kumbe hayo ndiyo yauayo. Na asubuhi jirani hutafuta mchawi!

Mbabula ikae nje, hata kama ni ya kuotea tu. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu na kichefuchefu karibu na makala, milango ifunguliwe, atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali, hata kama asema amekwisha kupata nafuu.